Makofi ya watu wenye kulala chini

Jamani, leo nilipigiwa makofi na watu wenye kulala chini! Na si kwa usingizi.

Wiki nzima nilijizoeza kueleza wakulima namna ya kuchagua miti mizuri ya mihogo ya kupanda. Dada yangu alinionya: "Usisome karatasi. Angalia watu mu macho."

Nafika Kilibula, salle ya mikutano imejaa wakulima wenye walikimbia vita kule Lubarika.

Nikasoma karatasi. 🙈

Mama mmoja wa mbele akaanza kusinzia.

Mara masasi ya bunduki ikalia barabarani. Siye wote chini! Karatasi sijui ilienda wapi.

Chini ya benchi, uso kwa uso na ule mama. Sasa macho yake wazi kabisa!

"Mutoto yangu, endelea basi. Masikio iko inasikia."

Miye nikaendelea! Shavu kwenye simenti, nikimuangalia mu macho. Maswali yakatoka chini ya mabenchi. Hata kicheko!

Masasi ikanyamaza. Makofi, kabla hata mutu mmoja hajasimama!

Ule mama tu hakupiga. Alinikamata mukono:

"Unipatie miti yangu ya kupanda leo. Siku tunarudi Lubarika, sitaki kuanza kutafuta miti."