Mikono Iliyobaki Hewani

Mpiga piano mpya alisema katoka Matanzas, Kuba, lakini Casimiro hakuyameza maneno hayo. Casimiro ndiye mgonga vijiti viwili vya kuongozea mdundo katika bendi yao ya muziki wa Kikuba huko Bronx, na hujisifu kuwa mtoto wa Havana, ingawa aliiacha angali mgongoni kwa mama. Mtu wa Matanzas gani huyu, anayeikodolea kahawa macho kabla ya kuinywa, kana kwamba imetiwa sumu? Mbona kiti hukiweka upandeupande, asimpe mtu kisogo? Vidole vyake vilikuwa vifupi na vikavu, na akiulizwa habari za kwao, alivitia kwenye piano, akapiga badala ya kujibu. "Huyu anatuficha kitu," Casimiro aliwanong'oneza wenzake. "Ngojeni nimtegee. Mpangilio wa vijiti ukigeuzwa, Mkuba halisi hawezi kuendelea kupiga."

Jumapili mchana, katikati ya mazoezi, Casimiro akaugeuza mpangilio wa vijiti makusudi: badala ya mipigo mitatu kisha miwili, akatanguliza miwili. Wenzake wakaendelea tu. Mpiga piano peke yake aliinua mikono, akaiacha hewani mpaka wimbo ukasambaratika. Akamtazama Casimiro vile anavyoitazama kahawa.

"Samahani, kaka," akasema taratibu. "Hivi wewe kwenu hasa ni wapi?"