Nilivyolipigia Jeneza Kengele

Mtwara hii, mtu mzima akionekana juu ya baiskeli, kila mwenye mdomo ana la kusema. Bodaboda wananipita wakicheka: "Mzee, hicho chuma kipeleke kwa wanunua skrepa!" Mwenye gari anapiga honi kana kwamba lami kaimwaga yeye. Mimi ni fundi friji. Boksi la vifaa nalifunga kwenye keria, asubuhi natoka Magomeni kwenda Chuno, na pikipiki siitaki, basi. Miaka yote niliwajibu papo hapo, tena kwa maneno ambayo hapa siyaandiki, nikaendelea na safari yangu. Hayakuniuma.

Lililoniuma lilianza Alhamisi moja, baada ya sala ya adhuhuri. Nilikuwa kwenye barabara ya bandarini, ile inayopitisha malori ya makaa ya mawe, na moja lilikuwa nyuma yangu, limenisogelea mpaka joto la injini nalisikia mgongoni. Mbele yangu kulikuwa na msafara wa maziko, tukielekea upande mmoja. Wanaume wamebeba jeneza mabegani, wanakwenda mbiombio kama ilivyo ada, na wengine wametapakaa barabarani.

Kwetu jeneza likipita, muuza duka anasimama, anayekula anaacha tonge, na mwenye baiskeli anashuka, anaiegemeza popote, anakwenda kutia bega japo hatua chache. Hata kama maiti humjui. Nimefanya hivyo tangu sijaota ndevu. Lakini siku ile kushuka kulikuwa ni kusagwa. Kushoto mtaro, nyuma lori, mbele kisogo cha mzee mmoja wa msafara. Nikapiga kengele. Mzee akaruka pembeni, nikapenya, nikalipita jeneza kwa kasi. Nilipogeuka, watu wote walikuwa wananitazama mimi. Lori hakuna aliyelitazama.

Kufika magharibi, mtaa mzima ulishajua kwamba fundi friji kampigia maiti kengele apishe.

Nilikwenda dukani kununua mkate. Mwenye duka, jirani yetu wa siku nyingi, aliuweka mezani bila kunipa mkononi. "Ndugu yangu, ukizika utazikwa," akasema. "Na wewe una mama mgonjwa."

"Kulikuwa na lori nyuma yangu."

"Ajali kazi ya Mungu. Ungeshuka."

"Ningeshuka mngebeba wawili."

Nilijiona nimejibu vizuri. Kesho yake likawa neno jipya: na bado anatania.

Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, hatoki nje. Akina mama waliokuja kumjulia hali ndio waliompelekea habari, kila mmoja na chumvi yake. Jioni akaniita. "Mwanangu, mie nitazikwa na nani? Utanifunga kwenye keria?"

Hakuwa anatania. Kwa mama yangu, kuzikwa na watu wachache kulikuwa aibu kubwa kuliko kufa kwenyewe. Niliona anavyonitazama, nikajua nimemharibia kitu ambacho amekitunza maisha yake yote, kwa kuhudhuria misiba ya watu, kuwapikia, kuwachotea maji.

Kwa ajili yake nilikwenda kwa wafiwa kuomba radhi. Niliketi mkekani kwa mtoto mkubwa wa marehemu, nikajieleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikuwa nimebeba upande wa nyuma," akasema. "Lori nililiona."

"Sasa mbona hukuwaambia watu?"

"Hawakuniuliza."

Nilisimama nikaondoka, maana mkono ulikuwa unaniwasha. Mtu ameona kila kitu, akaacha nitafunwe kwa sababu hakuulizwa!

Nilimwambia mama wafiwa wamesamehe, ingawa neno hilo sikulisikia. "Wamesamehe wao," akasema. "Wa huku kwetu je?" Ikawa kila jioni anahesabu kwa vidole wanaume wa mtaani: huyu atakuja, yule haji. Jeneza lataka wanne. Siku nyingine aliwapata watatu, nami wa nne. Siku nyingine alinipata mimi peke yangu.

Nilimeza hasira nikarudi dukani. "Njoo umwambie mama kwamba utamzika. Neno moja tu, alale."

Mwenye duka alikuwa anapima sukari. "Inshallah," akasema, na macho hakuyatoa kwenye mizani. Hakuja. Hakuna mwanamume wa mtaani aliyekuja.

Miezi minne baada ya ile kengele, mama akafariki alfajiri.

Wakaja. Wakajaza ua, wakajaza njia. Bodaboda waliegesha pikipiki zao mstari mzima, duka likafungwa, na jeneza lilikwenda mbio juu ya mabega ya watu mpaka ikabidi nisukume ili nipate nafasi ya kumbeba mama yangu. Mazishi makubwa namna ile sikuwahi kuyaona Magomeni.

Makaburini mwenye duka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamlengalenga. "Ulidhani tungekuacha?" akaniambia. "Yale yalikuwa maneno tu, ndugu yangu."

Maneno tu. Mama alikufa akiamini nitamzika peke yangu, na wao kila siku walipita mlangoni kwake.