Shemeji Alichukua Daftari Langu la Mashine, Ila Kuna Kitu Hakimo

Admin, jina langu lisionekane kabisa, maana huku Ngara tunajuana hadi kwa kikohozi. Tumsifu Yesu Kristo ninyi mnaosoma, na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni baba wa miaka 51, seremala, elimu yangu darasa la saba, naishi Mabawe na mke wangu na watoto wanne. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Tuko mafundi watano kwenye karakana moja pale Benaco. Mwenyekiti wetu ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Mwaka jana tulinunua kwa pamoja mashine ya CNC, ile inayochonga mbao yenyewe kwa kuongozwa na kompyuta. Ilikuja na kitabu cha maelekezo nusu Kichina, nusu Kiingereza. Shemeji hakukifungua hata ukurasa mmoja. Aliiwasha siku ileile, biti, ile ncha yake ya kukatia, ikashuka ikatoboa ubao, ikaendelea hadi kwenye meza ya mashine. Akasema, "Wametuuzia bovu," akaifunika turubai.

Mimi iliniuma. Nikakibeba kile kitabu nyumbani. Miezi mitatu nilikisoma kwa kamusi ya binti yangu na kwa simu inayotafsiri picha. Mahali pengine simu iliniambia, "Rudisha mashine nyumbani kwanza." Nikajiuliza, nyumbani wapi, China? Kumbe ina pembe yake ya kuanzia, lazima irudi pale ndipo ijue iko wapi. Halafu kila ubao unaoweka, unaionyesha mashine sifuri upya, yaani pa kuanzia kupima, juu ya ubao wenyewe. Sisi tumezoea futi ya chuma, sifuri haihami. Ndiyo maana ilitoboa meza!

Kila nililoelewa nililiandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Wenzangu walinicheka sana. Shemeji ndiye alikuwa wa kwanza (huku mashemeji tunaitana muramu): "Muramu, umeshaanza kuota kwa Kichina? Dada yangu anakuelewa kweli ukiongea usingizini?" Nikacheka nao. Sikuwa na kinyongo, Mungu ni shahidi.

Siku ilipochonga ua la kwanza kwenye ubao wa paini bila kosa, nilipiga ishara ya msalaba. Shemeji akanikumbatia. Kesho yake akaniambia, "Muramu, niazime daftari nitoe kopi, wote tujifunze." Nikampa kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata padre alikuja kubariki mashine, kama tunavyobariki kila kitu kipya. Watu walijaa. Padre akauliza ni nani aliyeifufua. Shemeji akasimama, daftari LANGU mkononi, akasema, "Baba Padre, nimelala na maandiko haya miezi mitatu, mke wangu shahidi." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga! Mikono ilipiga yenyewe kabla akili haijafika. Hilo ndilo linanikasirisha kuliko yote.

Baadaye nilimvuta pembeni nikamwambia, "Muramu, ile kazi ni yangu." Akajibu kwa sauti, wote wasikie: "Wewe ni mtu wa randa. Rudi kwenye randa, mashine ina wenyewe." Mafundi wenzangu wakainamia kazi zao. Nikakusanya vyombo vyangu nikaondoka. Sasa ni mwezi. Nyumbani mke wangu ananiambia, "Ni kaka yangu, nyamaza yaishe." Kanisani sipokei komunyo, maana tukifika kwenye kupeana amani nageukia ukutani.

Sasa sikieni linalonikosesha usingizi. Katika daftari nimeandika kwamba biti ikimaliza sehemu moja, iinuke milimita tano ndipo ihamie nyingine. Wakati ule ubao nilikuwa naufunga kwa skurubu, kwa hiyo juu palikuwa peupe. Siku moja, nikijaribu peke yangu, niliubana pembeni kwa klampu, vile vibanio vya chuma. Biti ikainuka zilezile tano, ikaigonga klampu, ikakatika, kipande kikapita karibu na sikio langu kikazama mlangoni. Tangu siku hiyo nikibana kwa klampu nainua thelathini. Lakini sikuliandika. Kitu kilichokukosa sikio huwezi kukisahau, hata bila kukiandika popote.

Jana fundi mmoja kati ya wale wanne alipita kwangu. Akasema Jumatatu wanaanza milango ya kanisa la kigango, na shemeji amekataa skurubu ili asitoboe mbao za kanisa, atabana kwa klampu. Nikauliza, "Kuinuka ameweka ngapi?" Akasema, "Kama daftari linavyosema." Na sisi maseremala tuna ugonjwa mmoja: kazi ikianza tunainama, jicho karibu na mstari.

Nilimpigia shemeji hapohapo. Akaweka sauti kubwa, nikasikia akiwaambia wenzake, "Sikilizeni, muramu wivu umempanda, anataka kutusimamishia kazi ya Mungu." Wakacheka. Akakata. Nimepiga tena mara tatu, hapokei. Yule fundi aliyekuja nilimweleza, akasema hawezi kumpinga mwenyekiti.

Ndugu zangu, nitasema ukweli kwa kuwa hamnijui. Kuna sehemu ya moyo wangu inataka ile biti ikatike mbele ya watu wote. Halafu nakumbuka jicho lake litakuwa wapi, jicho la kaka yake mke wangu, mjomba wa watoto wangu, na najionea aibu kwa jinsi nilivyo mbaya.

Kwenda nitakwenda, nadhani. Lakini nikienda nitarekebisha mashine, watapiga makofi, na makofi yatakuwa yake tena. Msiniambie nisamehe, hilo nitaambiwa kwenye kitubio. Nishaurini hili tu: Jumatatu asubuhi nikisimama pale mlangoni, na yeye ananitazama akicheka, nianze na neno gani?