Nilimshinda Ndugu Yangu kwa Maneno, Nikavunja Nyumba Yake

Sitaki mnionee huruma. Kosa ni langu, na nisimsingizie shetani, maana siku ile shetani hakuwa na kazi. Mdomo wangu ulitosha!

Mimi ni mama wa hapa Meru, nauza vitunguu na nyanya pale soko la Gakoromone. Nimeokoka miaka mingi, na kanisani wananijua kama mtu ambaye hashindwi na swali. Kuna mwalimu alikuja kutufundisha kutetea imani, na kutoka siku hiyo nikawa kama mtu aliyepewa panga jipya. Nikiwa sokoni nasikiliza mijadala kwenye simu. Akipita mtu wa dini nyingine, namuuliza swali. Akipita mlevi, namuuliza swali. Wenzangu walicheka na kusema, "Huyu mama usimguse, atakumaliza!"

Nami nilipenda hiyo sifa. Wacha niseme ukweli, niliipenda sana.

Ndugu yangu mdogo anaitwa Mutwiri. Analima viazi upande wa Kiirua. Mkewe, Wawira, ni mtu wa Embu, mpole, mchapa kazi. Walikuwa na mtoto mmoja, Kendi, aliyezaliwa na moyo mgonjwa. Tuliomba, tukafunga, tukakesha na huyo mtoto hospitalini. Akafa.

Tulipotoka kuzika, Wawira alinivuta jikoni kwa mama yetu, akafunga mlango.

"Wifi, kuna kitu kinaniua," akasema. "Kendi alipozidiwa nilimpeleka Mbeere, upande wa kwetu, kwa mzee mmoja wa dawa za miti. Mutwiri hajui. Nilimwambia naenda kusalimia mama yangu. Sasa naona Mungu amenichukulia mtoto kwa sababu ya hiyo."

Nilimshika. Nikamwambia Mungu si hivyo. Nikamwambia mtoto aliuawa na ugonjwa, na mama anayetafuta uzima wa mtoto wake Mungu anamwelewa, anamsamehe. Tukapiga magoti hapo karibu na jiko, tukaomba, tukalia mpaka kanga yangu ikalowa.

"Usimwambie mtu," akaniomba.

"Nife nikisema," nikamjibu.

Ndugu zangu, lau ningeishia hapo!

Mutwiri aliacha kuja kanisani. Hakutukana mtu, hakulewa. Alinyamaza tu na viazi vyake. Mama yetu aliumia sana. Basi ilipofika zamu ya ushirika wa nyumbani kufanyiwa kwa mama, alimbembeleza Mutwiri aje hata kama ni kukaa tu. Na akaja! Mama alimwekea kiti karibu na dirisha, akawa anamtazama kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Baada ya maombi, kiongozi akauliza kama kuna mwenye neno. Mutwiri akasema bila kuinuka, "Dada, mimi si mtu wa kubishana. Niambie tu. Tuliomba, wewe ulifunga. Huyo Mungu alikuwa anasikia?"

Sauti yake ilikuwa chini. Mtu yeyote mwenye moyo angesikia kwamba huyo ni baba analia.

Mimi nilisikia mjadala.

Nikasimama. Nikatoa hoja ya kwanza, nikatoa ya pili, maandiko juu ya maandiko. Watu wakawa wanaitikia kwa kichwa, wengine wanasema "Kweli, kweli." Nilipokaa, Mutwiri akasema, "Umeongea mengi, lakini hujanijibu."

Mzee mmoja akacheka kidogo. Kacheko tu! Lakini kalinichoma. Mimi, nishindwe na mkulima wa viazi, mbele ya ushirika mzima?

Nikainuka tena, na hasira ikanitangulia. "Kabla ya kumlaumu Mungu, muulize mke wako alimpeleka mtoto wapi kule Mbeere! Mnachanganya Mungu na waganga halafu mnauliza kama anasikia?"

Wawira alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Hakuiangusha. Aliiweka chini polepole, akabaki ameinama hapo.

Na huko nyuma, mtu akasema, "Amina!"

Mutwiri akamgeukia mkewe. "Mbeere ya nini?"

Wawira aliniangalia mimi. Hayo macho siwezi kuyaandika.

Nyumba ile haikupona. Mutwiri alishika neno langu akalifanya kesi. Kila siku anamuuliza alimpa mtoto nini, ni dawa gani, kama si hiyo iliyommaliza. Daktari alikuwa ameeleza wazi kwamba ni moyo, lakini nani angesikia daktari tena? Mwishowe Wawira alifunga nguo zake akarudi kwao Embu.

Nilienda kwa Mutwiri kuomba msamaha, akafunga geti nikiwa nimesimama. Kisha siku moja akaleta viazi Gakoromone, akanikuta na wateja. Akasimama mbele ya meza yangu. "Ongeeni na huyu, anajua Mungu sana!" akapaza sauti. "Dada, si ulishinda? Nimezika mtoto, sasa sina mke. Kuna hoja imebaki?" Nikainama, nikaanza kupanga nyanya zilizokuwa zimepangwa tayari.

Nikasafiri mpaka Embu. Wawira alitoka akasimama uani, hakunikaribisha.

"Mama Kendi," nikaanza.

"Usiniite hivyo." Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Siku ile jikoni niliamini. Uliposema nimesamehewa, nililala usingizi kwa mara ya kwanza tangu nizike mtoto wangu. Kumbe Mungu wenu anakusamehe jikoni, halafu anakushtaki sebuleni."

Mama yake akatoka, akaniambia, "Mama, enda tu. Hatujakutukana. Enda."

Nikaenda.

Kuna andiko linatuambia tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini letu. Nililijua kwa kichwa. Lakini nilikuwa nalikata katikati, kwa sababu mwishoni linasema tujibu kwa upole. Huo upole sikuwahi kuuhitaji kwenye mijadala yangu.

Wiki iliyopita mchungaji aliniomba nifundishe vijana kutetea imani. Nilimweleza yote, hata yale ambayo ushirika ulishayafunika na kusema ni mapito. Hakuniomba tena.

Sasa wewe unayesoma, na una jibu limekaa tayari mdomoni kama jiwe mkononi: chunga! Mtu aliyefiwa akikuuliza Mungu alikuwa wapi, usikimbilie kumtetea Mungu. Kaa chini na huyo mtu. Mwambie hujui, kama hujui. Na siri uliyopewa mkiwa mmepiga magoti, izikwe na wewe, hata wakucheke, hata uonekane umeshindwa. Shindwa! Ningeshindwa siku ile, ndugu yangu angekuwa na mke leo.