Aliyeambiwa Ni Shemeji

Nesi aliposema, "Mama, si tuliwaambia homa ikipanda mnamleta palepale?" nilipiga meza yake kwa kiganja, vichupa vikaruka.

"Mlimwambia nani?"

"Shemeji yako. Alisema yeye ndiye msemaji wa familia."

Binti yangu wa miaka minne alikuwa kwenye benchi, kichwa kipara, anachemka. Ana uvimbe kwenye ubongo, wa aina ambayo daktari mwenyewe alisema haioni mara kwa mara. Homa ilianza mchana, nyumbani Nkuhungu. Nikadhani malaria. Nikampa dawa ya maji, nikamkanda kwa kitambaa, nikangoja ishuke. Kumbe zile dripu zinazoua uvimbe zinaua na kinga yake, na homa kidogo tu inaweza kuondoka naye.

Sasa mimi ningejuaje? Tangu tuanze pale sielewi kitu. Daktari huyu anasema mionzi, itapigwa penye uvimbe tu, wakamtengenezea hadi barakoa ya kumshikilia kichwa asitikisike. Yule anasema bado mdogo, dripu kwanza. Nikiuliza, wananijibu: "Mkubwa wenu ameshaelezwa." Kidato cha nne nimemaliza, lakini pale nilikuwa kama mbeleko, kazi yangu kubeba mtoto.

Nikampigia shemeji, kaka wa mume wangu, dukani kwake Majengo anakouza alizeti, nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Shemeji, nilikuonea huruma. Kwetu mama wa mgonjwa haambiwi ya kutisha. Ataanza kulia kabla ya msiba."

"Na homa? Nayo ni ya kufichwa?"

Nasikia watu wanabishana bei nyuma yake.

"Nilidhani nayo ni katika yale ya kutisha."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Ndiye aliyekuwa akitupeleka hospitali kila safari.

Mtoto alilazwa, akawekewa dawa nyingine mshipani. Asubuhi akaomba uji, akautema, akaomba tena. Nikamwacha na mama yangu, nikaenda dawati la malalamiko.

"Unamlalamikia nani, mwanangu?" mama wa pale aliuliza.

Sikujua. Nesi? Shemeji? Mila yetu? Nikaandika:

"Nalalamika kwamba maelekezo ya mtoto wangu alipewa mtu asiyekesha naye. Mimi ndiye ninayemshika paji la uso. Kuanzia leo niambieni mimi, hata mabaya. Na leo nielezwe: dripu zinaisha lini, mionzi inaanza lini, na kwa nini."

Nikasaini.