Nilimeza dawa ya malaria kwenye baridi ya Himalaya

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Nilikuwa nasoma India na rafiki yangu Nestory, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Urambo. Mimi ni wa Tabora mjini. Likizo tukaenda Nepal, tukapata guide wa kutuongoza njia, tuvuke Thorong La. Hiyo ni pass, njia inayopita katikati ya vilele, zaidi ya mita elfu tano juu.

Wanaoijua Tabora watanielewa. Kwetu ni tambarare. Barabara ya zamani ya misafara kwenda Ujiji unaitazama mpaka macho yachoke, hakuna mlima wa kukuficha kitu. Tangu utoto nilitamani mahali ambapo ukipiga hatua moja, nchi nyingine inafunguka mbele yako.

Siku za mwanzo safi kabisa. Tulipozidi kupanda, kichwa kikaanza kugonga. Kichefuchefu, chakula sikitaki, mwili unatetemeka.

Mtu wa Tabora akiona hivyo, jibu analo. Nikatoa mseto, dawa ya malaria niliyotoka nayo nyumbani, nikameza, safari ikaendelea.

Nestory akacheka. "Malaria? Mbu wa huku anavaa koti?"

"Nimekuja nayo mwilini. Usimwambie guide."

Kambi ya mwisho, asubuhi, nikainama kufunga viatu. Kusimama, nikayumba kama mlevi. Guide wetu, Dorje, akaniambia nitembee mstari ulionyooka. Nikashindwa.

"Ni mlima huo, kaka, hewa ya juu imekuzidi. Tunashuka sasa hivi."

Nikamsihi. Njia ya kwenda kwenye pass naiona pale juu! Hakubishana. Alibeba begi langu, akaanza kuteremka.

Nestory alipata kundi jingine la kuvuka nalo. "Au nishuke na wewe?"

"Nenda bwana. Ila angalia vizuri, uje unisimulie."

Tulivyoshuka, kichwa kikaachia taratibu. Malaria gani inapona kwa mteremko?

Nilipokutana na Nestory mjini nikamuuliza, upande wa pili kuna nini?

"Mawe, mzee. Kama ya upande tuliopandia."

Na picha zake zote ni uso wake tu!

Sasa nafundisha jiografia hapa Tabora. Nikifika kwenye ramani ya Asia, kidole kinasimama pale Nepal, wanafunzi wananisubiri.

Nilichojifunza: mlimani kichwa kikiuma, mwambie guide siku hiyo hiyo. Usijitibu kwa mazoea ya nyumbani.

Kama kuna mdau humu amevuka pass yoyote kule, tafadhali aandike. Usiniambie mawe. Niambie ardhi ina rangi gani, upepo unakupiga kutokea wapi. Andika hata kurasa kumi, nitasoma zote. Anzia pale unapopiga hatua ya kwanza ya kuteremka.