Mbavu Alizonivunja Mama Mkwe

Swali lililoninyima usingizi miezi mingi ni hili: kama mama mkwe angeshika desturi, ningelala pale chini muda gani kabla mtu hajanigusa?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nasubiri ajira, nikiwasaidia wakwe zangu kwenye shamba la mpunga kijijini Mwamkulu. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono wala hawali pamoja. Nikimwona njiani nilikuwa nakwepa.

Mchana ule wingu lilikuwa jeusi, lakini mvua hainyeshi. Nilinyanyua jembe. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Mengine alinisimulia mke wangu, Kabula. Radi ilinipiga begani. Nilianguka kifudifudi, suruali imelowa mkojo, midomo imekuwa rangi ya majivu. Sikuwa napumua. Watu walisimama mbali, wakisema aliyepigwa na radi haguswi mpaka mganga aje. Mama mkwe, aliyewahi kuwa mhudumu wa zahanati, aliuliza nani atanikandamiza kifua. Hakujitokeza mtu, akanigeuza chali mwenyewe.

"Dada, huyo ni mkweo," mjomba wa Kabula alimwambia.

"Nyie mtanicheka akishaamka."

Alikandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, akanipulizia pumzi mdomoni, akarudia. Alipochoka alimwekea Kabula mikono pale pale, naye akaendelea. Mwishowe nikakohoa damu, maana nilikuwa nimejiuma ulimi.

Hospitalini Mpanda, daktari alinigusa kifua nikapiga kelele.

"Mbavu mbili zimevunjika," alisema. "Moyo wako ulisimama, kijana. Aliyezivunja mshukuru."

Sikumshukuru. Niliona aibu. Kisimani wanawake walimuuliza, "Mama Kabula, eti mkweo mtamu?" Akaacha kwenda kisimani, kisha akaacha hata kanisa. Nami sikumtetea, nikabaki nikihesabu mapigo ya moyo wangu kitandani, nikiwaza kwamba mvua zinarudi, na akianguka mwingine mama hatamgusa. Huyo mwingine anaweza kuwa Kabula.

Wingu la kwanza la msimu lilipotanda, nilimwomba Kabula amlete mama kanisani. Misa ilipoisha nikasimama uwanjani.

"Namshukuru Mungu, na namshukuru mama huyu," niliwaambia watu. "Mtu akianguka, hapumui, msisubiri mganga wala gari. Kandamizeni kifua, mpokezane."

Kisha nikajilaza chali mavumbini, nikafungua vifungo vya shati, nikamtazama mama mkwe usoni.

"Mama, waonyeshe mikono inawekwa wapi."